Kilichokuwa Chini ya Feni

Taa za kwanza zilikuwa zinawaka mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, Nthoki alipotoka kwenda steji ya matatu kumpokea fundi. Mvua za El Nino zilikuwa zimekwisha, lakini zilikuwa zimeiachia barabara mashimo matupu. Ilimbidi aruke hapa, akanyage jiwe pale, huku mkono mmoja umeshikilia sketi. Wakati wa Pasaka sketi hiyo ilikuwa ikimbana. Sasa ilikaa kiunoni kwa nguvu za pini.

"Nthoki, mbona unaisha hivyo?" aliuliza mama wa kibanda cha mboga.

"Ni kazi tu," akajibu, akapita.

Haikuwa kazi. Lilikuwa joto. Lilimjia kila jioni, likaanzia tumboni, likapanda kifuani hadi nyuma ya macho, na asubuhi shuka lake lilikuwa limelowa. Kliniki walimpima malaria wakakosa kitu, wakampa dawa za malaria hata hivyo. Jambo la ajabu ni kwamba kompyuta yake nayo iliugua ugonjwa huo huo.

Nthoki alikuwa karani wa kupiga chapa kwa wakili mmoja mjini, hadi wakili aliponunua kompyuta akaona makarani wamezidi. Wenzake walilia. Yeye alisema, kama kompyuta ndiyo iliyoninyang'anya kazi, basi kompyuta itanirudishia. Akakodi chumba cha mbele katika ploti moja ya vyumba vya kupanga hapo Lucky Summer, akalala chumba cha nyuma, akamtafuta fundi Msomali wa Eastleigh aliyeitwa Magan amuundie mashine, kipande kwa kipande. Watu walikuja na barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi, risala za harusi. Wiki ya kwanza kazi ilienda kama maji. Kisha mashine ikaanza kuchemka. Jua likielekea kuzama, prosesa, ule ubongo wa mashine, ilipata moto, kioo kikakwama, na harufu ikatoka kwenye kasha.

Harufu ya nywele zilizoungua.

Magan alishuka kwenye matatu na mkoba wake begani, amebeba feni mpya ndani ya boksi. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyependa kazi yake ilaumiwe.

"Dada Nthoki, mimi nashindwa," alisema walipokuwa wakitembea. "Ulipoirudisha kwangu ilifanya kazi kutwa nzima. Baridi! Paka angeilalia. Ikirudi kwako, inachemka. Kwako kuna nini?"

"Kuna mimi na mama yangu tu."

Mama yake alikuwa akifagia duka walipofika. Alikuwa amekuja kutoka Kitui baada ya mvua kubomoa ukuta wa nyumba yake, na mtaa mzima ulikuwa umeshampenda kwa upole wake na kwa nyimbo za kanisani alizoimba akifua. Walimwita Mama Ndete, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Huyo Ndete kila mtu alimjua pia, kwa ubaya; ni mara ngapi Nthoki alikuwa amemwokota mlangoni pa mama pima muuza chang'aa, akamtoa seli, akamwosha. Lakini tangu mama aje, Ndete alikuwa amebadilika. Aliacha pombe ghafla, akapata kibanda soko la Gikomba, akawa anafungua belo za mitumba kama mtu mwenye miaka ndani ya biashara. Watu walisema ni maombi ya mama.

"Karibu, baba," mama alimwambia Magan. Akaegemeza ufagio, akaingia nyuma ya pazia kupika.

Magan aliiwasha mashine. Walikwishajaribu kila kitu. Waliitoa ukutani ipumue, wakaondoa mfuniko, wakapuliza vumbi. Aliipunguza kasi. Aliinua bati la kupozea, lile lenye meno kama kitana linaloikalia prosesa, akapaka dawa nyeupe upya. Nthoki naye aliielekezea feni ya mezani kama anayempepea mgonjwa. Kila dawa ilisaidia siku moja tu.

Sasa Magan alibonyeza kidude fulani, ukurasa wa buluu ukatokea.

"Hapa mashine inasema joto lake yenyewe. Tazama hiyo namba."

Walitazama. Namba ilipanda. Ikatulia kidogo... ikapanda tena. Nthoki alihisi jasho likimteremka mgongoni. Tumbo lilikuwa linawaka.

"Ngoja nipate hewa," akasema, akatoka nje, akaegemea ukuta wa jirani.

Aliporudi, Magan alikuwa ameinamia kioo, mdomo wazi.

"Imeshuka," alinong'ona. "Ulipotoka, imeshuka."

Nthoki akaisogelea meza. Namba ikaanza kupanda.

"Toka tena, dada."

"Magan, acha mchezo."

"Toka tu. Tafadhali."

Akatoka. Akarudi. Akatoka. Kila mara Magan aliisoma namba. Alizima mashine, akachomoa waya ukutani, akakaa akiutazama mkono wake.

"Hatujafungua feni yenyewe," alisema hatimaye. "Siku zote nimeinua bati na feni yake pamoja. Nipe taa."

Nthoki alimshikia taa. Skrubu zilitoka moja baada ya nyingine. Feni ikanyanyuka. Chini yake, kimebanwa katikati ya meno ya bati, kulikuwa na kitu.

Kidogo. Cheusi. Kimekauka, kimejikunja kama kidole cha mtoto. Kilikuwa kimezungushiwa uzi mwekundu.

"Hiki sikukiweka mimi," Magan alisema haraka. "Labda panya... Bismillahi. Hapana, panya hafungi uzi." Akajaribu kucheka. "Basi ndiyo maana. Kimezuia upepo. Ndiyo maana inachemka."

Alitaka sana iwe hivyo. Alichukua koleo, akakibana kile kitu, akavuta.

Nthoki alipiga ukelele.

Ilikuwa kama mtu amemshika kitovu kwa ndani, akavuta. Aliinama, goti likagonga sakafu. Magan alivuta tena kwa hofu, kitu kikachomoka, kikaanguka juu ya gazeti. Na papo hapo... baridi. Joto lote lilimtoka Nthoki, akabaki anatetemeka.

"Umeniwekea nini?" alisema, machozi yakimtoka. "Wewe ndiye uliyeunda hii mashine, Magan! Nilikukosea nini?"

"Wallahi, dada, sio mimi."

"Mikono ya nani mwingine imeingia humo? Ya nani?"

Magan alitikisa kichwa. Alikuwa amerudi nyuma hadi mlangoni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na ndugu.

Kelele zilimleta Waringa, mpangaji wa chumba cha pili, mwanamke mzee aliyekuwa amezalisha nusu ya watoto wa ploti. Alimsaidia Nthoki kukaa kwenye kiti. Kisha akaliona gazeti. Akavaa miwani. Akainama.

Mama, aliyekuwa nyuma ya pazia tu, hakuja.

"Mwache huyu kijana," Waringa alisema polepole. "Hiki hakukipata Eastleigh."

"Ni nini?"

"Vimepita mikononi mwangu vingi, siwezi kukosea. Ni kitovu. Kile kinachokauka kwa mtoto mchanga, kikaanguka. Ila hiki ni cha zamani sana. Mtoto aliyekidondosha sasa ni mtu mzima." Alivua miwani. Sauti yake ikashuka, karibu isisikike. "Nthoki, kitovu cha mtu huwa kwa nani?"

Nthoki aligeuza kichwa. Nyuma ya pazia jiko lilikuwa linanguruma, na harufu ya vitunguu ilikuwa tamu, kama jioni nyingine yoyote.

Magan aliondoka bila kudai kitu. Waringa naye akaondoka, akaufunga mlango taratibu. Nthoki alikunja gazeti, akapita pazia.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, akichambua maharagwe ya kesho. Mabaya aliyatupa kwenye sufuria tupu. Tak... tak...

"Mwaitu," Nthoki alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Kitovu changu kiko wapi?"

"Umekula?"

"Kiko wapi, Mwaitu?"

Tak.

"Vilikuwa kwenye sanduku langu," mama alisema bila kuinua macho. "Vyote viwili. Chako na cha Ndete."

Nthoki alilifungua gazeti mbele yake. Mkono wa mama ulisimama juu ya ungo.

"Siku ile fundi alipokuja kuikagua, mwisho wa wiki ya kwanza, aliifungua aone kama nyaya zimelegea," mama alisema. "Kisha ukatoka kumnunulia soda, na yeye akakufuata. Ilibaki wazi mezani, nikakisukuma kati ya yale meno."

Alisema hivyo tu, kama anayeeleza alikoweka chumvi.

"Kwa nini?"

"Ndete alikuwa anakufa, Nthoki. Hukumwona anavyotapika damu?"

"Mimi ndiye niliyempeleka hospitali!"

"Basi unajua." Sasa mama aliinua uso, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Kuna mtu huko nyumbani. Aliniambia bahati ya nyumba yetu ilimruka mkubwa ikamwangukia mdogo. Akasema inaweza kugeuzwa. Alitaka niweke chako penye moto usio na moshi wala majivu. Nilizunguka nikiwaza, moto gani huo? Hadi ulipoileta hiyo kitu ndani ya nyumba, nikaigusa ubavuni, nikahisi moto."

"Ningekufa."

"Hapana! Usiseme hivyo. Aliniambia ungepungua tu. Ungepungua kidogo, halafu ungesimama."

"Kwa nini mimi, Mwaitu? Mimi nimekulisha. Nimekulaza kitandani kwangu, mimi nikalala chini."

Mama alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama aliyeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Kwa sababu wewe una nguvu," akasema.

Neno hilo lilimuumiza Nthoki kuliko koleo la Magan. Tangu akiwa mdogo alikuwa amelisikia likisemwa kama sifa. Nthoki ana nguvu, ataenda mtoni yeye. Nthoki ana nguvu, hahitaji viatu mwaka huu. Alikuwa ameinuka nalo kichwani, akijivunia. Kumbe ndilo lililompimia mzigo.

Alitaka kumfukuza. Hakuweza. Mama alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akalia, akashika Biblia yake, akaapa. Alikuwa amekosea. Shetani alikuwa amemshika. Wangekifungua uzi, wangekizika, wangeyamaliza. "Mikono yangu ndiyo iliyofunga," alisema. "Lazima mikono yangu ifungue." Akakichukua kile kitu, akakifunga ndani ya kitambaa cheupe cha kichwani, akalala nacho chini ya mto.

Nthoki alimwachia. Mama ni mama.

Jioni iliyofuata waliteremka pamoja hadi mtoni nyuma ya nyumba za mwisho. Mama alichimba kwa jembe la Waringa, akaomba kwa Kikamba, akaweka kitambaa shimoni. Walifukia wote wawili kwa mikono. Njiani wakirudi mama alimshika Nthoki mkono, kama alivyokuwa akimshika zamani wakitoka kisimani. Nthoki hakuuvuta mkono wake. Baadaye hilo ndilo alilolijutia kuliko yote.

Kesho yake mama alifunga virago akahamia kwa Ndete, mtaa wa Muthurwa. Alisema ana aibu mno kuketi chini ya paa la mtu aliyemkosea.

Nthoki alipona. Alikula, akanenepa, akaitupa ile pini. Kompyuta ilifanya kazi mchana na jioni, prosesa ikawa vuguvugu tu kama kikombe kilichonywewa. Alienda Eastleigh kumwomba Magan msamaha. Magan aliupokea, akamkaribisha chai, ila hakukubali tena kufika Lucky Summer. "Ukiharibikiwa, niletee mashine huku," alisema. "Wewe mwenyewe simama nje."

Kazi iliongezeka. Shule moja ya jirani ilianza kumletea mitihani achape. Alianza kufikiria mashine ya pili.

Kisha jioni moja, akiwa anapanga karatasi, aliisikia ile harufu.

Nywele zilizoungua.

Aliikimbilia kompyuta. Ilikuwa imezimwa tangu adhuhuri. Mfuniko ulikuwa pembeni. Aliingiza kidole kati ya meno ya bati... baridi, safi, hata vumbi hakuna. Alichomoa waya. Akanusa tena.

Harufu haikutoka kwenye mashine.

Alinusa kiganja chake. Akanusa kola ya blauzi yake.

Ilitoka kwake.

Kisha joto likaja, chini ya kitovu, kama kaa limedondoshwa ndani. Alishika meza. Halikupanda polepole kama zamani. Liliruka, likazimika, likaruka tena, likavuma kama moto unaopulizwa.

Alichukua jembe kwa Waringa bila kuomba, akateremka mtoni. Kulikuwa bado na mwanga kidogo juu ya maji. Alipajua mahali, walikuwa wamepawekea jiwe. Alichimba kwa jembe, akamalizia kwa kucha. Kitambaa kilitoka kimelowa, fundo lake bado limekaza. Alilikata kwa meno.

Ndani kulikuwa na kipande cha tangawizi kavu.

Alikigeuza mkononi mara nyingi. Kilikuwa kimechaguliwa vizuri. Kidogo, cheusi, kimejikunja. Hata uzi mwekundu ulikuwapo. Kwa hiyo usiku ule, huku machozi ya toba hayajamkauka shavuni, mama yake alikuwa ameingiza mkono chini ya mto, akaamka, akaenda jikoni kutafuta kinachofanana.

Alifika Muthurwa baada ya wiki mbili za kulazwa na joto, giza likianza kuingia kati ya zile nyumba za zamani za reli. Ndete alimwona kwanza. Alikuwa amenona, ana koti la ngozi, na alimkumbatia hadi miguu yake ikaiacha ardhi.

"Niaje, sistee! Umepotea! Mama, njoo uone nani amekuja!" Alicheka, meno meupe, pumzi safi isiyo na pombe. "Mambo yangu yameshika laini, Nthoki. Nimeongeza kibanda cha pili. Ni Mungu tu. Ngoja nikuletee soda."

Akatoka akipiga mluzi. Nthoki alimsindikiza kwa macho. Hakujua. Uso ule haukujua lolote. Na huyo ndiye kaka aliyekuwa amemwombea aokoke, kila Jumapili, kwa miaka.

Mama alikuwa ndani, ameinamia jiko la makaa, sufuria ya chai juu yake. Alimtazama binti yake kuanzia kichwani hadi kiunoni, pale sketi ilipoanza tena kulegea.

"Karibu, mwanangu. Kaa."

"Kiko wapi?" Nthoki alinong'ona.

Mama alikoroga chai.

"Nilichimba, Mwaitu. Nimeiona tangawizi."

Kijiko kilisimama. Nje, Ndete alikuwa anataniana na mtu, wakacheka wote wawili. Mama aligeuza kichwa kukisikiliza kicheko kile, na sura yake ikalainika, kama mtu anayesogeza mikono karibu na moto siku ya baridi.

"Alianza kuteleza tena," alisema. "Mwezi mmoja tu baada ya mimi kuja hapa. Nilimkuta mtaroni, Nthoki. Mtaroni. Huku sina mashine yako, ikabidi nitumie makaa. Ungefanya nini wewe?"

"Nirudishie. Nakuomba. Mimi pia ulinizaa."

Mama alisimama, akaja karibu, akaweka kiganja kwenye paji la uso la Nthoki. Kiganja kilikuwa laini, na kilinuka vitunguu na sabuni ya kipande.

"Una joto," alisema kwa huruma. "Pole. Wewe utapona. Wewe hupona kila mara."

Chai ilikuwa imeacha kuchemka. Mama akarudi kwenye kigoda, akaisogeza sufuria kando, akainama juu ya jiko. Katikati ya makaa kulikuwa na kitu cheusi ambacho huenda kilikuwa kaa jingine tu lisiloshika moto. Nthoki hakupata muda wa kukitazama vizuri.

Mama Ndete alivuta pumzi, akapuliza.

Nthoki akaanguka magoti, akishika tumbo.